Nyota akichelewa mazoezini: faini, benchi, makaripio au kikao cha wenzake?

Jumanne, saa 12 na dakika 20 jioni, kiwanja cha saruji cha mpira wa kikapu huku Eastlands. Taa ziko mbili, moja imekufa tangu mvua za Aprili. Vijana 11 wamepanga foleni wanapiga layapu, kukimbia na kutia mpira kikapuni. Mpira unagonga ubao, unarudi, mwingine anaingia. Mazoezi yalianza saa 12 kamili. Geti linalia, anaingia nambari 7 wetu, mfungaji bora wa timu, begi begani, kamba za viatu zinaburura, mkononi chapati iliyofungwa kwa karatasi. Hakuna anayemtazama. Wote 11 wananitazama mimi.

Nimefundisha timu za mtaa na za shule hapa Nairobi miaka ya kutosha kujua kwamba kuchora mashambulizi ubaoni si kazi kubwa. Video zimejaa mtandaoni, chagua unayotaka. Kazi ni hizo sekunde tano. Makocha wenzangu tukikaa kwenye ngazi za ukumbi wa Nyayo kungoja mechi yetu, mazungumzo huanzia kwa marefa na kuishia palepale: mchezaji unayemtegemea akikosea, unamshika vipi bila kumpoteza, na bila kuwapoteza wale wengine?

Njia ziko kadhaa. Nyingi nimezijaribu mwenyewe, nyingine nimeziona kwa makocha wa Marekani ambao sote tunakesha tukiwatazama. Nitaziweka mbilimbili zitazamane, maana ndivyo zinavyokujia ukiwa pale pembeni na filimbi mdomoni. Na nisikufiche ninakoegemea: kwenye timu isiyolipa mtu, dakika za kucheza ndiyo mali pekee ya kocha. Ila ni mali ya hatari. Ukitangaza kwamba utamnyima mtu dakika, siku ikafika ukameza maneno yako, anayeadhibiwa ni wewe.

Faini au dakika

Faini zinapendwa sana na klabu zetu. Shilingi 50 ukichelewa, 200 ukikosa kabisa bila taarifa, mtumie mweka hazina kwa M-Pesa, yamekwisha. Uzuri wake ni kwamba hakuna anayegombana na mwenzake, na mwisho wa mwezi kuna hela ya maji na bendeji.

Tabu ni kwamba shilingi 50 ya huyu si shilingi 50 ya yule. Tulikuwa na kijana anayeuza mitumba Gikomba, mtu wa kuamka saa 10 alfajiri, mchezaji wa benchi asiyekosa mazoezi. Siku moja mzigo ulimchelewesha, akalipa 50 ambayo ilikuwa nauli yake, akarudi nyumbani kwa miguu. Wiki hiyohiyo mwenye duka mmoja, shabiki wetu mkubwa, alimtumia mweka hazina shilingi 800 na ujumbe: "Ya mfungaji wetu, mwezi mzima." Nusu alikuwa anatania. Lakini pesa ilipokelewa, na mfungaji wetu alichelewa mwezi mzima kwa raha zake, maana alikwisha lipiwa.

Jambo hili lina utafiti wake, na wala haukuwa wa michezo. Huko Haifa, Israeli, vituo vya kulelea watoto vilianza kuwatoza faini wazazi waliochelewa kuwachukua watoto jioni. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2000 yanachekesha na kuuma: wazazi walizidi kuchelewa, na hata faini ilipoondolewa hawakurudi kwenye tabia yao ya kwanza. Zamani walimwonea haya mwalimu anayewangoja. Sasa walikuwa wananunua muda wake.

Dakika hazina shabiki wa kukulipia. Mechi kwa kanuni za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, ni dakika 40, robo 4 za dakika 10, wachezaji 12 kwenye orodha. Ukimkalisha mtu robo ya kwanza, umemnyang'anya sehemu ya nne ya mchezo mbele ya watu aliowaalika mwenyewe. Tena ni adhabu inayomuuma zaidi anayecheza zaidi. Yule wa mitumba ameshazoea benchi, humtishi nayo. Nyota ndiye mwenye cha kupoteza, na kwa mara moja mzigo unamwangukia mwenye mabega.

Sasa ngoja nikusimulie nilivyoiharibu. Mwanzoni mwa msimu mmoja tulitangaza: anayekosa mazoezi 2 ndani ya wiki bila taarifa, haanzi mechi. Wote wakaitikia. Wiki ya 5, mpinzani mgumu, na mchezaji wetu bora wa wakati huo hakuonekana Jumanne wala Alhamisi. Jumamosi akaja, amenyolewa vizuri, anatabasamu. Nikajiambia mechi hii ni kubwa kuliko kanuni. Nikamwanzisha. Tukashinda kwa pointi 9, 27 zikiwa zake peke yake, nikapongezwa na watu ambao hata siwajui. Jumanne iliyofuata walikuja mazoezini watu 6.

Nilimpigia simu mmoja wa waliokosa, kijana mtaratibu ambaye hajawahi kunijibu vibaya. Akasema, bila hasira yoyote, "Kocha, nilikuwa na shughuli kidogo. Nikaona si lazima."

Nikaona si lazima! Afadhali angenitukana.

Msimu uliofuata tuliirudisha kanuni ileile, lakini kabla ya kuitangaza nilijiuliza swali moja usiku: hii nitaweza kuitekeleza siku ya fainali? Kumkosesha mtu fainali nzima, nilijijua, singeweza. Basi nikaipunguza: robo ya kwanza tu. Adhabu ndogo unayoitoa ina nguvu kuliko kubwa unayoiogopa. Ikatokea. Mtu yuleyule, kosa lilelile. Hakuanza. Robo ikaisha tuko nyuma pointi 11, tukaja kupoteza kwa 4, na mjomba wake akanifuata hadi mlangoni mwa matatu kunieleza jinsi nilivyoiuza mechi. Jumanne walikuja watu 11. Yeye alichelewa dakika 5, lakini nilimwona akitoka steji mbio. Baadaye alihamia timu kubwa zaidi, kwa hiyo siwezi kujisifu kwamba mimi ndiye niliyemnyoosha.

Jambo moja kuhusu kuchelewa, kabla sijasahau. Nairobi ikinyesha saa 10 jioni, Jogoo Road inasimama, Thika Road inasimama, na mtu mwenye nidhamu kuliko wote anaweza kufika saa 1 usiku akiwa ameloa. Ndiyo maana siku hizi kanuni yetu haihesabu dakika. Inahesabu taarifa. Ukituma ujumbe kabla ya saa 11, huna deni. Hujatuma, una deni, hata ukichelewa dakika 3.

Kumfokea hadharani au kumwita kando

Mfano unaotajwa kila kona ni wa San Antonio, timu ya NBA, ligi kuu ya kikapu Marekani. Kocha Gregg Popovich alimkaripia nyota wake Tim Duncan mbele ya wote, na Duncan hakuwa mtu wa kuchezea: mataji 5 kati ya 1999 na 2014. Hesabu yake ni nyepesi. Kama Duncan anafokewa, anaitikia kwa kichwa na kurudi kukaba, mchezaji wa 10 atalalamika kwa lugha gani?

Makocha wengi wa hapa tumeichukua nusu hiyo ya hadithi tukaiacha nusu nyingine. Duncan alipochaguliwa mwaka 1997, Popovich alisafiri hadi kisiwani kwao Saint Croix, akakaa naye siku kadhaa, wakaogelea na kupiga soga za mambo mengine kabisa. Aliweka akiba kwanza, akaja kutoa baadaye. Sisi tunafungua akaunti asubuhi na kutaka mkopo jioni.

Upande wa pili yuko John Wooden, kocha wa chuo cha UCLA, mataji 10 ya vyuo kati ya 1964 na 1975. Nyota wake Bill Walton alifika siku moja na nywele ndefu na ndevu, kinyume cha kanuni za timu, na hoja zake amezipanga: kocha hana haki ya kumwamulia mtu kichwa chake. Wooden hakupandisha sauti. Alimkubalia kwamba haki hiyo kweli hana, akasema anamheshimu mtu mwenye msimamo, halafu akaongeza kwamba timu itamkumbuka sana akiondoka. Walton akaenda kwa kinyozi siku hiyohiyo. Wanaoipenda hadithi hii husifu upole wa mzee. Mimi naona upole peke yake usingemnyanyua Walton pale alipokuwa. Kilichomnyanyua ni kuamini kwamba Wooden angecheza bila yeye na angelala usingizi vizuri. Kumbe tumerudi kwenye dakika.

Kati ya hizi mbili, kwa Nairobi kuna jambo ambalo San Antonio hawana. Ukumbi wao wa mazoezi una kuta na mlango. Kiwanja chetu kina uzio wa waya, na nje ya waya kuna watu wa bodaboda, watoto waliotoka shule, na jirani zetu wote. Kuna siku nilimpasha kijana mmoja kwa sauti kwa kutorudi kukaba, maneno ya kawaida kabisa ya kikapu. Mazoezi yalipokwisha akanijia polepole.

"Kocha, leo umenianika."

Nikamwuliza, mbona Alhamisi nilikufokea zaidi ya hapa? Hakujibu. Akanyoosha kidevu kuelekea getini. Mama aliyekuwa pale akichoma mahindi, akipepea makaa kwa kipande cha katoni, ni shangazi yake. Alhamisi hakuwepo.

Tangu hapo nimegawa hivi. Kosa la mchezo, kama kutorudi kukaba, kusahau nafasi au kushikilia mpira hadi sekunde 24 za kushambulia ziishe, nalisema kwa sauti na hapohapo, na nyota namwanzia yeye, ili wengine wajue hakuna mwenye kinga. Kosa la tabia, kama dharau, uongo au kumtukana mwenzake, nalisubirisha hadi watu watawanyike, tunatembea wawili hadi steji, na mara nyingi naanza kwa kumwuliza nyumbani hawajambo. Nusu ya makosa ya aina hiyo huwa na mzizi nyumbani: karo, mzazi mgonjwa, kodi ya nyumba.

Kuna mahali pa tatu ambapo makocha wa siku hizi wanaharibia, nako ni grupu la WhatsApp. Kumsema mchezaji mle saa 4 usiku ni kumwanika bila hata sauti yako kusikika, na maneno yanabaki. Atayasoma tena kesho kutwa akiwa na hasira ya jambo lingine. Usifanye.

Kocha mwenyewe au wenzake

Hapa ndipo penye utamu, na penye mtego.

Tarehe 13 Mei 1994, mechi ya 3 ya mtoano wa NBA, Chicago na New York wako sare 102, zimebaki sekunde 1.8. Michael Jordan alikuwa amestaafu kwa mara ya kwanza, na mkubwa wa timu sasa ni Scottie Pippen. Kocha Phil Jackson akachora mpira wa mwisho uende kwa Toni Kukoč. Pippen alitakiwa kuurusha uingie uwanjani. Akakaa benchi, akakataa kuingia. Kukoč akafunga hivyohivyo, 104-102, Chicago wameshinda, na chumbani hakuna aliyefurahi.

Jackson alikuwa na kila sababu ya kumfungia. Aliwaachia wachezaji chumba. Bill Cartwright, mzee wa timu akiwa na miaka 36, akasimama akamwambia Pippen jinsi alivyowavunja moyo, na alisema akilia. Pippen akaomba radhi. Mechi ya 4 akaanza kama kawaida na Chicago wakashinda.

Wapo wanaosema Jackson alikwepa kazi yake. Sikubaliani nao. Ukiwa na mtu kama Cartwright chumbani, machozi yake yana uzito kuliko adhabu yoyote utakayoiandika, na kocha mwenye akili hujiondoa njiani. Lakini swali ni hilo: unaye? Mimi nilijaribu siku moja nikiwa nimevutiwa na hadithi hii. Nikaitisha kikao cha wachezaji kuhusu mwenzao anayesusa mazoezi, nikaenda zangu dukani kununua maji ili wawe huru. Niliporudi nilisikia vicheko tangu getini. Walikuwa wameafikiana kwa kauli moja kwamba tatizo ni saa 12, mazoezi yaanze saa 1. Kapteni aliyeongoza kikao alikuwa akipanga chumba kimoja na mtuhumiwa. Ningejua mapema kama ningetumia dakika 2 kuwaza.

Na tusijidanganye kwamba kisa cha Pippen ni cha Wamarekani. Februari 2021 Tyler Ongwae alifunga kikapu cha mwisho dhidi ya Angola, Kenya ikashinda 74-73, na Morans, timu yetu ya taifa, chini ya kocha Liz Mills wakaenda AfroBasket, mashindano ya Afrika, kwa mara ya kwanza tangu 1993. Raha iliyoje. Lakini tangu siku ile kila kijana kiwanjani kwetu anaamini mpira wa mwisho ameandikiwa yeye, na mwenzake akipewa, utaona uso. Sura ile ya Pippen naiona karibu kila mwezi.

Kama wenzake hawana uzito huo, kocha au uongozi lazima uingie, na ukishaingia kuna kitu watu wa benchi wanakihesabu kimyakimya: kipimo. Angalia Golden State, klabu nyingine ya NBA. Novemba 2018 Draymond Green aligombana na Kevin Durant kwenye mechi dhidi ya Clippers. Klabu ikamfungia mechi 1 bila malipo. Oktoba 2022 Green huyohuyo alimpiga ngumi Jordan Poole mazoezini. Akatozwa faini, akajiweka kando siku chache, na mechi ya kwanza ya msimu alikuwa uwanjani. Maneno yalipata mechi moja, ngumi ikapata faini. Zipo sababu zao, walikuwa mabingwa watetezi na hawakutaka kuvunja msimu kabla haujaanza. Kiangazi kilichofuata aliyehamishwa ni Poole. Mimi ningekuwa mchezaji wa 12 pale, ningechora mstari kichwani mwangu na kujua nasimama wapi.

Mawili ya kupita haraka

Kumkimbiza mtu raundi au kumpigisha push-up: kwa mtu mzima ni mchezo wa kitoto, nyota wetu wengi wana pumzi nzuri na raundi 10 wanazimaliza wakicheka, ila wale wadogo wanajifunza kwamba kukimbia ni adhabu, halafu Jumamosi unawataka wakimbie kwa moyo. Kwa shule kuna la ziada. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza adhabu ya mwili na kumtesa mwanafunzi kiakili. Mwalimu wa michezo hajasamehewa humo.

Kuadhibu timu nzima kwa kosa la mmoja: mfano maarufu ni Ken Carter wa Richmond, California, aliyefunga ukumbi Januari 1999 timu ikiwa imeshinda mechi 13 bila kupoteza, kwa sababu baadhi ya wachezaji walishindwa masomo. Watu hukumbuka kufuli. Wanasahau kwamba kabla ya msimu wachezaji walikuwa wametia sahihi makubaliano ya alama na mahudhurio. Bila karatasi ile, ukiwakalisha watu 11 kwa ajili ya mmoja umemtafutia maadui 11, na wa 12 ni wewe.

Kumkaza au kumlegezea

Kuna makocha wa kamba moja kwa wote, na kuna wanaosema nyota ana kamba yake. Phil Jackson, huyohuyo, msimu wa 1997-98 alimruhusu Dennis Rodman aende Las Vegas saa 48 katikati ya msimu. Rodman alipitiliza. Chicago walichukua ubingwa mwaka huo na Rodman akaongoza ligi kwa ribaundi, yaani kudaka mipira iliyokosa kikapu, kwa msimu wa 7 mfululizo. Kwa upande mwingine kuna kocha Larry Brown na nyota wake Allen Iverson kule Philadelphia: mwaka 2001 walifika fainali, Iverson akiwa mchezaji bora wa ligi, na mvutano wao juu ya mazoezi haukuisha. Mei 2002 Iverson akakaa mbele ya waandishi akalitaja neno mazoezi zaidi ya mara 20 kwa namna inayochekesha hadi leo. Mwaka mmoja baadaye Brown aliondoka.

Unaweza kusema basi kulegeza kumeshinda, lakini tazama walivyolegeza. Ruhusa ya Rodman haikuwa siri. Jordan alijua, akaguna, na akakubali kwa sababu alimjua mtu wao na alijua kazi anayowafanyia chini ya kikapu. Kamba ndefu isiyofichwa ni makubaliano. Kamba ndefu inayofichwa ni upendeleo, na wachezaji hunusa upendeleo kabla hujamaliza kuufikiria.

Tulikuwa na mlinzi wa usiku kwenye timu, mlinzi wa kweli, wa kulinda majengo Industrial Area. Alhamisi hakuweza kabisa. Nilimwomba aseme mwenyewe mbele ya wenzake: zamu yangu ni hivi, nitakuja Jumanne na Jumapili, na Jumapili nitakuja mapema kupanga koni. Hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini anaanza.

Yako ni ipi?

Ukifundisha shule, anza na karatasi. Wiki ya kwanza, kabla nyota hajajulikana, andika kuhusu masomo, mahudhurio na lugha, mzazi atie sahihi. Halafu maneno ya faragha ndiyo silaha yako kuu, maana mtoto wa miaka 16 akiaibishwa mbele ya shule nzima hatarudi. Kwa vyuo, Pat Summitt wa Tennessee, mataji 8, aliwataka wachezaji wake wakae safu 3 za mbele darasani, na aliyekosa darasa alijua mechi inamngoja benchi. Hilo halihitaji bajeti. Linahitaji kocha anayepita darasani kuangalia.

Klabu zenye mikataba ni ulimwengu mwingine, na kwetu zinaanza kuwa habari ya kweli. Nairobi City Thunder walipocheza Basketball Africa League, ligi ya klabu za Afrika, mwaka 2025, ikiwa mara ya kwanza kwa klabu ya Kenya, watu wengi waliona mpira wa kikapu unaweza kuwa ajira. Pale faini na kufungiwa vina maana, kwa sababu kuna mshahara wa kukatwa na kifungu cha kusoma. Hata hivyo, usitarajie kumfungia mtu kumrudishe moyo. Miami walimfungia Jimmy Butler mara 3 ndani ya Januari 2025, na Februari alikuwa Golden State. Kufungiwa kulikuwa mazungumzo ya biashara tu, na pande zote mbili zilijua.

Timu ya mtaa, kama yangu, haina mshahara, haina mkataba, na nyota akichukia leo kesho anachezea kiwanja cha pili, vituo 2 vya matatu kutoka hapa. Kwa hiyo ningekushauri: kanuni 2 au 3 tu, ndogo, zinazohusu dakika, uzitangaze wakati hakuna aliyekosea, faragha kwa mambo ya tabia, na kikao cha wachezaji usikiitishe hadi uwe umempata Cartwright wako. Kama wa kwako ana miaka 22 na anafanya kazi ya kuosha magari, sawa tu. Utamtambua kwa jinsi wengine wanavyonyamaza akianza kusema.

Na nambari 7 na chapati yake? Ilikuwa mara yake ya kwanza wiki ile. Kanuni inasema mbili. Macho 22 yalikuwa yananiomba nimfanyie kitu, nami nilikuwa na hamu hiyo kuliko wao, maana siku yangu kazini ilikuwa mbaya na sauti nilikuwa nayo. Nikapuliza filimbi foleni iendelee.

"Una moja," nikamwambia. "Funga viatu."

Akaikunja chapati iliyobaki kwenye karatasi, akaiweka juu ya begi, akaenda mwisho wa foleni.